Simu ya video inaganda nyumbani: uongeze kasi, uvute waya au uhamie bando la simu?

Ukilalamika kwamba simu zako za video zinaganda, ushauri wa kwanza utakaopewa, na jirani au na wakala wa kampuni ya intaneti, ni kupandisha kifurushi. Una megabiti 10? Chukua 20. Una 20? Chukua 50. Ni ushauri mwepesi kwa sababu anayeutoa siye anayelipa. Mwezi ukiisha, bili imepanda na sura ya bosi bado inaganda mdomo wazi.

Tazama mahitaji yenyewe. Kwa simu ya watu wawili yenye picha nzuri, Zoom wanapendekeza kilobiti 600 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Picha ya 720p (ile ya HD) inataka megabiti 1.2. Ya 1080p inataka 3.8 za kupandisha na 3.0 za kushusha. Sauti peke yake haizidi kilobiti 80. Nyumba yenye megabiti 10 za kweli, kupanda na kushuka, inabeba simu tatu za 720p kwa wakati mmoja, na mtoto bado anaangalia katuni zake. Kwa hiyo kama uko peke yako kwenye megabiti 10 na unaganda, wingi wa megabiti si tatizo lako. Tatizo liko mahali pengine: hewani kati ya kompyuta na ruta, kwenye foleni ndani ya ruta, kwenye laini ya nje, au kwenye kompyuta yenyewe. Kila mahali pana suluhisho lake, na ukinunua la pale kwa ajili ya hapa umetupa hela.

Kwanza ujue adui yuko wapi

Kipimo kinachosaidia hakihitaji kununua chochote. Fungua madirisha mawili ya amri kwenye kompyuta (kwenye Windows tafuta cmd). Humo utatumia pingi, amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima unachukua muda gani kurudi. Dirisha la kwanza lipige ruta yako: ping -t 192.168.1.1. Ruta nyingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.100.1; andika ipconfig, anwani yake iko kwenye mstari wa Default Gateway. Dirisha la pili lipige nje: ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Kwenye Mac na Linux ondoa hiyo -t. Yaache yote mawili yaendelee ukiwa kwenye simu ya video inayosumbua. Ukipima wakati mambo ni shwari hutaona kitu.

Ruta ikijibu kwa milisekunde 1 hadi 5 mfululizo, njia ya kutoka kwako hadi kwenye ruta ni nzima. Ikirukaruka, 3, 4, 180, 6, 400, halafu kimya, adui yumo ndani ya nyumba. Ni waifai, na hakuna kifurushi kitakachokuokoa. Ruta ikiwa imetulia huku 8.8.8.8 ikiruka, tatizo liko baada ya ruta, na hapo kuna washukiwa wawili: foleni mnayoisababisha wenyewe, au laini ya mtoa huduma. Namna ya kuwatenganisha ni kuwaomba wenzako nyumbani wazime waifai kwenye simu zao kwa dakika tano. Pingi ikitulia, ilikuwa foleni yenu. Isipotulia, ni laini. Na kama madirisha yote mawili yametulia na bado picha inakwama, geukia kompyuta yako, au umwambie mwenzako apime kwake. Watu husahau kwamba simu ina ncha mbili.

Vile vipimo vya kasi vinavyopendwa, vyenye mshale unaopanda, havikamati jambo hili. Vinakupa wastani wa sekunde kadhaa, wakati mazungumzo huharibiwa na nusu sekunde moja mbaya. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu waongee bila kusumbuka. Ikizidi sana hapo ndipo mnaanza kugongana: “samahani, endelea,” “hapana, endelea wewe.”

Waya, waifai au ripita

Kwa simu ya video waya unashinda, sizunguki. Sababu yenyewe wala si kasi. Waifai ni hewa ya kugawana: kwenye chaneli moja kifaa kimoja husema, vingine husubiri zamu, na kama waifai ya jirani wa ghorofa ya juu iko kwenye chaneli hiyohiyo mnasubiriana naye pia. Barua pepe ikichelewa kidogo hakuna anayejua. Sauti yako ikichelewa inafika vipandevipande. Waya wa Cat5e hubeba gigabiti moja hadi mita 100 na haumsubiri jirani yeyote. Laptopu nyembamba za siku hizi hazina tundu lake, lakini adapta ndogo ya USB inatosha, na simu nyingi za Android zenye tundu la USB-C huikubali pia. Dukani uwe macho: waya wa bei ya kutupa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Mita tano zitakwenda, lakini mita 30 zilizopindishwa kila kona zitaanza visa. Omba shaba tupu.

Najua pingamizi. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki matobo ukutani. Waya bapa hupita chini ya mlango na ukingoni mwa sakafu bila tobo hata moja. Au usiufunge kabisa: uwe kabatini umekunjwa, siku ya usaili unautandaza, ukimaliza unakunja. Haupendezi macho, lakini usaili unaisha bila “tumekupoteza, unatusikia?”

Waya ukishindikana, anza na kuhamisha ruta. Fundi aliyeleta faiba aliiacha pale waya ulipoingilia, ambapo kwa nyumba zetu ni chini, nyuma ya televisheni, kwenye kona ya sebule, ilhali wewe unafanyia kazi chumba cha mwisho. Tofali za saruji hunywa mawimbi. Nondo, vioo vikubwa, friji na tangi la maji ni wabaya zaidi. Kuipandisha ruta juu ya kabati na kuisogeza upande wa korido ni bure.

Kisha bendi, yaani masafa ya waifai. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri ila imejaa. Chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na humo mmebanana na majirani, Bluetooth na oveni ya maikrowevu. Gigahezi 5 ni pana na tulivu, lakini baada ya kuta mbili za tofali imekwisha. Ukiwa chumba kimoja na ruta, au ukuta mmoja tu upo kati, chukua 5. Kuta zikizidi, chukua 2.4 na uchague chaneli mwenyewe kwenye ukurasa wa ruta badala ya kuiacha ijichagulie. Ruta nyingi hutangaza bendi zote mbili kwa jina moja. Zipe majina tofauti ujue uko wapi.

Ripita, kile kifaa cha kupokea waifai ya ruta na kuirusha tena mbele, ndiyo kifaa ninachokipinga zaidi kwa kazi hii, na ndicho kinachonunuliwa zaidi. Huongeza vipau kwenye skrini, na mnunuzi huridhika na vipau. Lakini ripita ya bendi moja hupokea kila pakiti (kipande kidogo cha data) na kuirudia kwenye hewa ileile, hivyo karibu nusu ya uwezo inapotea na sauti yako inasubiri zamu mara mbili. Kwa kusoma habari kitandani, sawa. Kwa darasa la mtandaoni, hapana. Meshi, yaani vituo kadhaa vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, yenye redio ya peke yake ya kuunganisha vituo vyake ni nafuu kubwa, na meshi ambayo vituo vyake vimeunganishwa kwa waya ni bora kuliko hiyo, ila hapo utakuwa umeshavuta waya. Zile adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme hutegemea kabisa jinsi nyumba ilivyofungwa umeme. Nunua tu kama duka linakubali kurudishiwa.

Megabiti zaidi, au foleni fupi zaidi

Tuseme pingi imeonyesha kwamba waifai haina kosa na foleni ndiyo yenye kosa. Kinachotokea ni hiki. Mdogo wako karudi harusini na picha mia nane, simu yake imeshika waifai na kuanza kuzipandisha zote kwenye Google Photos. Ruta inapokea pakiti nyingi kuliko laini inavyoweza kutoa, inazihifadhi kwenye kumbukumbu yake zisubiri, na sauti yako yenye haraka inasimama nyuma ya picha za keki. Pingi inatoka 40 inakwenda 900. Mshale wa kipimo cha kasi bado unasoma megabiti zilezile, kwa hiyo mtoa huduma atakuambia, bila kusema uongo, kwamba laini ni nzima.

Megabiti zaidi zitasaidia kiasi, maana picha zitaisha mapema. Lakini programu ya kunakili haina staha. Ukiipa 20 itajaza 20. Kupanga foleni kunatibu chanzo. Ruta zinazokubali OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, zina kipangaji kinachoitwa SQM, kinachotumia mbinu za fq_codel au CAKE. Unakiambia kasi yako halisi ukipunguza kama asilimia 10, nacho kinahakikisha mtiririko mdogo kama wa sauti haukai nyuma ya mtiririko mnene. Mtu mwenye megabiti 8 zilizopangwa vizuri huongea kwa raha kuliko mwenye 50 zisizopangwa. Ukitaka kujua hali ya kwako, tafuta kipimo cha bufferbloat, jina la foleni hiyo ya ndani ya ruta. Kinapima pingi wakati laini imejazwa makusudi, na ndicho kipimo ningependa mawakala wawaonyeshe wateja.

Kama hutaki kugusa ruta, agiza kila simu ya nyumbani inakili picha usiku wa manane tu. Hiyo peke yake huponya nyumba nyingi.

Kupandisha kifurushi kuna mahali pake: watu wanne mko kwenye mikutano asubuhi moja, au kasi yako ya kupandisha iko chini ya megabiti 2. Lakini uliza hasa ya kupandisha. Matangazo hutaja ya kushusha, na kifurushi kikubwa chenye njia nyembamba ya kupandisha kitakuacha ulipo.

Faiba, ruta ya laini ya simu, bando la simu, Starlink

Hapa uchaguzi hutegemea unaishi wapi na umeme wako ukoje.

| | Kuchelewa kwa pakiti | Umeme ukikatika | Kinachoiharibu |
|---|---|---|---|
| Faiba | Kudogo, hakuyumbi | Inazima hadi uwe na UPS (betri ya akiba) ya ruta | Waya kukatwa barabarani |
| Ruta ya 4G/5G | Kunayumba kulingana na saa ya siku | Inazima hadi uwe na UPS ya ruta | Mnara kujaa jioni |
| Bando la simu | Kunayumba kulingana na saa ya siku | Inaendelea | MB kuisha, simu kupata moto |
| Starlink | Kudogo, kuna mikatiko mifupi | Inataka betri kubwa | Mti au ukuta mbele ya sahani |

Faiba ikifika mtaani kwako, usifikirie mara mbili. Faiba nyingi za majumbani ni za mfumo wa GPON, ambao kigawanyi chake cha mtaani hakitumii umeme. Umeme wa mtaa ukikatika, kinachozima mara nyingi ni kisanduku chako mwenyewe. Kile cha faiba pamoja na ruta hula umeme mdogo sana, na UPS ndogo ya volti 12, ukubwa wa kitabu, huvibeba kwa saa kadhaa. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta kabla ya kununua. Kwa maoni yangu UPS hiyo ina thamani kuliko kupandishwa kifurushi kokote, kwa kila mtu anayefanya kazi kutoka nyumbani mahali umeme unapokatika bila hodi.

Ruta ya 4G ni nzuri saa nne asubuhi na inachosha saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa nyumbani na mnara ni uleule. Kama mikutano yako ni ya mchana, itakutosha. Kama una jamaa Marekani na mnaongea usiku, pima usiku kabla ya kusaini mkataba. Na uiweke dirishani upande wa mnara. Hiyo ni tofauti na ruta ya faiba, ambayo dirishani inahutubia barabara.

Bando la simu ninalipenda kama akiba, si kama njia kuu. Hesabu ni nyepesi: kilobiti 600 kwenda na 600 kurudi ni kama MB 540 kwa saa, na picha ya 720p inakaribia mara mbili yake. Darasa la kila siku litakula bando la wiki. Lakini kwa usaili wa nusu saa umeme ukiwa umekatika, hakuna kama hilo. Usiigeuze simu kuwa hotispoti ya waifai kama waya wa USB upo. Unganisha kwa waya, uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Unaepuka waifai, na betri ya simu haiishi mapema.

Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huohuo. Tofauti yake na setilaiti za zamani ni umbali. Zile za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, hula karibu nusu sekunde hata kama kila kitu ni kizima, na hakuna fundi awezaye kuongeza mwendo wa mwanga. Za Starlink huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, na mazungumzo yanawezekana kabisa. Adui wake ni mwembe wa uani. Setilaiti ikipita nyuma ya matawi unakatika sekunde mbili tatu, unarudi, unakatika tena, na kila baada ya dakika chache unaomba watu warudie. Sahani ikikosa uwazi wa anga, chukua hata ruta ya 4G. Na ile UPS ndogo haiibebi.

Kuna siku ambazo hakuna chochote kati ya hivi kitakachosaidia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakakaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Siku ya namna hiyo pingi ya ruta inakuwa safi, simu kwa mtu wa mji uleule inaweza kwenda, na ya Ulaya inakufa. Kuhama kutoka faiba kwenda bando kunaweza kukufaa kama kampuni ya pili inapita kwenye waya mwingine. Jaribu, lakini usihamishe nyumba nzima kwa sababu ya siku moja hiyo.

Zoom, Meet au WhatsApp

Laini ikiwa dhaifu, simu ya watu wawili ningeipeleka WhatsApp. Hujaribu kuunganisha simu mbili moja kwa moja bila kupita kwenye seva ya mbali, isipokuwa uwe umewasha mpangilio wa kuficha anwani yako ya IP, ambao una faida zake ila hupunguza ubora. Ina pia mpangilio wa kutumia data kidogo kwenye simu. Kundi linaishia watu 32.

Kwa kikao, Zoom ya bure inakatisha kundi kwa dakika 40, Google Meet kwa dakika 60. Meet hukaa ndani ya kivinjari, na kompyuta ya zamani yenye vichupo 20 vilivyofunguliwa itahema. Dalili yake ni feni kupiga kelele na picha kurukaruka huku sauti ikiwa safi. Hapo mtandao hauna hatia. Funga vichupo, ondoa ile mandharinyuma ya ufukwe, utaona. Kwenye Zoom, kubadili kutoka kuonyesha watu wote kwenda kumwonyesha msemaji peke yake hupunguza mzigo mara moja. Mambo yakizidi, zima kamera mapema, kabla sauti haijaanza kukatika. Wengi huzima wakiwa wameshapotezwa.

Na kama ndugu yako yuko Dubai na WhatsApp haishiki kabisa, usipoteze usiku ukipima pingi. Kwa miaka mingi Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp, na watu wa huko hutumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM.

Ukibaini ni laini

Ukimpigia mtoa huduma ukasema “mtandao unasumbua,” atakuambia kile anachomwambia kila mteja: zima ruta, washa. Mpigie ukiwa na vitu vitatu. Kwanza, taa: kwenye kisanduku cha faiba, taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, na hapo anahitajika fundi, kuzima na kuwasha hakutaleta mwanga. Pili, picha za madirisha yale mawili ya pingi yakiwa kando kwa kando, saa ikionekana, zilizopigwa kompyuta ikiwa kwenye waya ili asikurudishe kwenye waifai. Tatu, za siku tofauti, saa ileile. Tatizo la kila siku saa mbili usiku ni msongamano upande wake. Linalokuja mvua ikinyesha ni maungio yaliyoingia maji. Mwambie lipi kati ya hayo mawili, na uombe namba ya tiketi kabla hajakata.